Kuhamisha Tangi la Samaki wa Bahari Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nianze kufuga samaki wa bahari nyumbani, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote si la chakula wala la taa. Ni la kuhama. Mmoja amepata kazi Lindi, mwingine mwenye nyumba anaitaka nyumba yake, mwingine amemaliza kujenga kwake Mikindani, na sebuleni kuna tangi lenye samaki aliowalea miaka minne. Mimi nimehama na tangi mara mbili: kwanza kutoka Chikongola kwenda Shangani, halafu kutoka Shangani kwenda Mikindani. Mara ya kwanza walikufa samaki watano. Mara ya pili hakufa hata mmoja. Majibu haya yametokana na tofauti ya safari hizo mbili.

Hesabu zote nimezipiga kwa tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50, yaani lita 200, kwa kuwa ndilo la kwangu. Lako likiwa dogo au kubwa zaidi, punguza au ongeza.

Kweli inawezekana kuhama na tangi bila samaki kufa?

Inawezekana, ila ujue kwanza unahamisha nini. Wengi huhangaikia samaki na maji. Lakini kinachowaweka samaki hai ni bakteria walioshika kwenye mawe, kwenye mchanga na kwenye sponji za chujio. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula na kinyesi yakioza hutoa amonia pia. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa haijazidi. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana na hakuna anayeiona.

Bakteria hao hawakai majini kwa wingi. Wako juu ya mawe na ndani ya vitundu vyake. Mawe yakikauka juani wanakufa, na viumbe vidogo vingine vilivyomo humo hufa na kuanza kuoza. Utawasha pampu kwenye nyumba mpya, maji yatakuwa safi kama machozi, na baada ya siku mbili samaki wataanza kuhema juujuu. Watu husema "walishtuka na safari". Mara nyingi si safari iliyowaua, ni amonia.

Ukilishika jambo moja tu katika yote nitakayosema, lishike hili: mawe yasikauke, na yafike siku ileile.

Je, nibebe maji yote ya zamani?

Hapana. Wafugaji wa ughaibuni husisitiza kubeba maji mengi kadiri inavyowezekana, kwa sababu wengi wao hununua chumvi na kuchanganya maji yao wenyewe, na lita 200 ni fedha. Sisi Bahari ya Hindi iko mlangoni.

Lakini usiende upande wa pili ukayamwaga yote. Samaki aliyekaa mwaka mzima kwenye maji yenye naitreti nyingi, ukimtumbukiza ghafla kwenye maji mapya matupu, mwili wake unapata mshtuko. Mimi hubeba nusu: madumu matano au sita ya lita 20. Maji hayo ndiyo yanayowabeba samaki na kuyafunika mawe njiani, kwa hiyo hayaongezi mzigo wa bure. Dumu moja lililojaa maji ya bahari lina uzito wa kilo 20 na nusu hivi, kwa hiyo tafuta wa kukusaidia kubeba.

Yachote maji hayo kabla hujagusa jiwe hata moja. Ukishaanza kuyang'oa mawe, uchafu wote wa chini huibuka na maji hugeuka kama ya mtaro. Hayo ya mwisho yaache hukohuko.

Maji mapya niyachote wapi, na saa ngapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wa pwani tunapojiamini kupita kiasi. Si kila maji ya chumvi ni maji ya tangi.

Chota maji yakiwa yamejaa, si yakipwa. Maji yanayoingia hutoka bahari kuu. Yanayotoka hurudi na tope, mafuta ya boti na uchafu wa ufukweni. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, pwani yetu maji hujaa sana takriban saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa mnamo saa nne, na hayapandi sana. Kwa hiyo kama unaweza kuchagua siku ya kuhama, chagua inayofuata bamvua: jioni ya kuamkia siku hiyo unachota maji yaliyojaa vizuri, yanalala nyumbani kwako kupya, asubuhi unahama.

Mtwara mjini, nenda upande wa Shangani unaotazama bahari ya wazi, mbali na bandari na mbali na mitaro ya mvua. Lindi, kumbuka kwamba Mto Lukuledi unamwaga maji yake ndani ya ghuba ileile inayopakana na mji. Wakati wa mvua maji ya ghuba hupungua chumvi na kupata rangi ya udongo, hata kama ukiyaonja unaona ni ya chumvi tu. Ulimi haupimi. Toka mjini ukachote kuelekea mdomo wa ghuba, na ukae siku kadhaa bila mvua kubwa kabla ya kuchota.

Pima kwa haidromita. Maji ya bahari ya kawaida yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na haidromita itasoma karibu na 1.025. Ikisoma 1.020, hayo ni maji yaliyochanganyika na ya mto au ya mvua, usiyatumie kama yalivyo.

Yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kisicho na harufu ya sabuni. Kama yatakaa zaidi ya siku moja, yaweke gizani na pampu ya hewa ikichemsha mapovu ndani yake. Maji ya bahari yana viumbe vidogo vingi visivyoonekana. Ukiyafungia kwenye dumu juani, hufa na kuoza, na ukifungua siku ya tatu harufu yenyewe itakwambia.

Halafu dumu lenyewe. Madumu mengi tunayochotea maji mtaani yalikuwa ya mafuta ya kula, na mafuta hayatoki kwenye plastiki hata ukisugua vipi. Utando wake huziba uso wa maji na kuzuia hewa. Lililokuwa na petroli, sabuni ya maji au dawa ya mikorosho usilisogeze kabisa karibu na tangi. Nunua madumu na ndoo mpya zenye mifuniko, ziandike "samaki" kwa kalamu isiyofutika, na watu wote nyumbani wajue hizo hazipigiwi deki.

Nianze maandalizi siku ngapi kabla?

Wiki moja yatosha. Kwanza nenda ukaione nyumba mpya ukiwa na jicho la tangi, si jicho la makochi. Liwe mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, mbali na mlango unaofungwa kwa kishindo, karibu na soketi. Sakafu ipime kwa pima maji ya fundi ujenzi, uone kama imelala sawa. Kioo cha milimita 10 kina uzito wa kilo 25 kwa mita mraba, kwa hiyo tangi tupu la ukubwa niliousema lina kilo 45. Ongeza maji, mawe, mchanga na meza yake, utafika kilo 300. Ni kama watu wazima wanne au watano wamesimama sehemu moja usiku na mchana. Sakafu ya chini ya zege haina tatizo. Ghorofani, muulize fundi aliyejenga, na uliweke kando ya ukuta unaobeba, si katikati ya chumba.

Pili, umeme. Angalia mita ya LUKU ina uniti ngapi na kama aliyetoka ameacha deni. Nunua umeme kabla ya siku yenyewe. Ni jambo dogo, lakini najua mtu aliyefika saa mbili usiku na samaki kwenye ndoo akakuta mita imekata.

Siku tatu au nne kabla, nyonya uchafu wa juu ya mchanga kwa mpira na ubadilishe maji kiasi cha asilimia 20. Sponji za chujio usizioshe wiki hiyo. Saa 24 kabla ya safari acha kulisha. Samaki mzima haumii kwa kukosa chakula siku moja, na aliyeshiba ataichafua ndoo yake njiani.

Je, tangi linaweza kubebwa likiwa na maji kidogo chini, ili mchanga na mawe yabaki?

Hapana. Hata sentimita tano za maji zikicheza huku na huku ndani ya gari huvuta gundi ya silikoni kwenye pembe, na jiwe moja likiteleza limemaliza kazi. Tangi hubebwa tupu, likikaa kwa kitako, watu wawili wakilishika chini na si kwenye fremu ya juu.

Mchanga wangu una miaka mingi. Nihame nao?

Kama ni tabaka jembamba la sentimita mbili au tatu, hama nao, lakini uoshe kwanza kwa maji ya bahari, ndoo baada ya ndoo, mpaka maji yatoke bila tope. Maji ya bomba yana klorini na yataua bakteria.

Kama ni mchanga mnene wa sentimita nane au kumi, sikushauri. Chini kabisa hakuna hewa, na huko hujengeka gesi yenye harufu ya yai bovu, haidrojeni salfaidi. Ni sumu kali kwa samaki. Ukiuchota na kuumwaga kwenye tangi jipya, umeifungulia gesi hiyo pamoja na uchafu wa miaka yote. Uache. Chukua vikombe viwili vya tabaka la juu tu, uvinyunyize juu ya mchanga mpya uliooshwa. Vitatosha kuwa mbegu.

Samaki wafungashwe vipi?

Inategemea ni nani. Samaki wadogo wanaokaa kwenye anemoni, yule kiumbe laini kama ua anayeshika mawe, na wengine wa saizi yao wanaingia kwenye mifuko minene ya plastiki, mmoja kwa mfuko. Theluthi moja maji, theluthi mbili hewa. Watu hujaza maji wakidhani wanawafanyia wema, kumbe samaki anamaliza hewa iliyo ndani ya maji upesi, na ile ya juu yake ndiyo akiba. Weka mfuko ndani ya mfuko mwingine na ufunge kwa mpira.

Kangaja ana wembe pande zote mbili za shina la mkia. Atauchana mfuko, na mkono wako pia. Mpe ndoo yenye mfuniko. Chafi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Akikuchoma, loweka mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, maumivu yatapungua, na ukizidiwa nenda hospitali. Kikande huuma, akae peke yake. Bunju usimtoe majini kwa wavu: akiogopa hewani hujijaza upepo tumboni na huenda asiweze kuutoa. Mwongoze kwa mkono aingie ndani ya kopo akiwa chini ya maji.

Kiti cha pweza naye asitolewe hewani, na hapendi chumvi kubadilika ghafla. Jongoo bahari apewe chombo chake mwenyewe, kwa sababu baadhi yao wakisumbuliwa hutoa sumu inayoweza kuua ndoo nzima. Anemoni aliyeshika jiwe usimvute. Hamisha jiwe pamoja naye. Akiwa ameshika kioo, mgeuzie mkondo wa pampu, atalegea mwenyewe, au umsukume taratibu kwa ukucha kuanzia ukingoni mwa mguu wake. Mguu ukichanika, uwezekano wa kupona ni mdogo.

Usianze kuwakimbiza samaki kwa wavu tangi likiwa limejaa. Toa mawe kwanza, punguza maji mpaka yabaki sentimita kumi na tano, halafu wachukue kwa utulivu. Nusu ya mshtuko wa safari huwa ni ile mbio ya mwanzo.

Ni kweli kwamba mawe na matumbawe laini yanaweza kumdhuru mtu?

Ni kweli, na watu wachache sana hapa wanalijua. Baadhi ya jamii za matumbawe laini yanayofanana na vifungo au maua madogo hubeba palitoksini, moja ya sumu kali zaidi zinazotoka baharini. Vaa glavu, na usishike mawe ukiwa na mkato mkononi. Usiyasugue kwa brashi hewani ukarushia maji machoni. Usiyachemshe kabisa kwa nia ya kuyasafisha, kwa sababu mvuke wake umeshawapeleka watu hospitali katika nchi mbalimbali. Watoto wakae mbali siku ya kuhamisha.

Chujio nilibebe likiwa limejaa maji yake?

Hapa ndipo nilipopoteza wale watano. Chujio langu ni la ndoo inayofungwa kwa vifungo pembeni. Nililizima saa tatu asubuhi Chikongola, nikalibeba limefungwa na maji yake, tukachelewa kwa sababu ya makabati na vitanda, na nikaliwasha Shangani saa tisa alasiri bila kulifungua. Kwa muda wa saa sita limekaa bila hewa. Bakteria waliokuwemo walikuwa wamekufa na kuoza, na nilipobonyeza swichi, uozo wote ule uliingia moja kwa moja kwenye tangi. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele kabla ya magharibi. Samaki mkubwa kuliko wote, kitatange niliyekuwa naye tangu akiwa saizi ya sarafu, alikufa wa kwanza. Bado inaniuma.

Fanya hivi. Lifungue, mwaga maji yake, toa sponji na vipande vya mawe vilivyomo, uviweke kwenye ndoo ya wazi yenye maji ya tangi na pampu ya hewa ya betri. Ukifika, visuuze kidogo kwa maji ya zamani, urudishe, uwashe. Kama limekaa limefungwa zaidi ya nusu saa, lifungue na ulisafishe kabla ya kuliwasha.

Nitumie usafiri gani?

Kwa mjini, kirikuu inatosha. Guta ni la bei nafuu, lakini halina springi za kutosha kwa kioo. Bajaji inafaa kwa samaki peke yao ukiwapakata.

Tangi likae juu ya godoro la sponji, kitako chini, likizungukwa na mablanketi, na hakuna kitu cha kuwekwa ndani yake. Mifuko ya samaki iingie kwenye deli lile la kubebea barafu, bila barafu. Deli huweka giza na joto lisibadilike, na samaki gizani hutulia. Wakae nawe mbele kwenye kivuli, si nyuma juani. Joto si jambo la kupuuza. Mwaka 1998 maji ya bahari ya Hindi yalipanda kwa digrii chache tu na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa, na matumbawe mengi ya pwani ya Tanzania yalipauka na kufa. Ndoo ya lita 20 nyuma ya kirikuu saa saba mchana hupanda hivyo kwa muda mfupi sana.

Kwa hiyo anza alfajiri. Mtwara hadi Mikindani ni kilomita kama kumi, ndoo za samaki hazihitaji hata pampu ya betri. Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100 kupitia Mingoyo, hapo pampu za betri ni lazima kwa kila ndoo, na betri za akiba. Mwambie dereva mapema. Mimi nilimwambia, "Kaka, nimebeba viumbe, kila tuta tulipande kama tuna mgonjwa." Alinielewa, na tulifika bila tone kumwagika.

Ukihama na gari mbili, vitanda vitangulie. Samaki na mawe wawe wa mwisho kutoka na wa kwanza kushushwa.

Nikifika nianze na nini?

Na tangi, kabla hujafungua boksi lolote la vyombo. Chai itasubiri.

Meza ikae sawa kwa pima maji, pande zote. Chini ya kioo weka karatasi nene ya stairofomu, imeze vijiwe na mikunjo midogo. Kipande cha mchanga chini ya kitako cha kioo kinaweza kulipasua tangi usiku. Weka mawe kwanza moja kwa moja juu ya kioo, halafu mchanga kuyazunguka, ili samaki anayechimba asije akaporomosha jiwe. Mimina maji ya zamani taratibu juu ya sahani, halafu mapya. Washa pampu ya mkondo na chujio. Subiri saa moja au mbili maji yatulie, pima chumvi, pima joto. Nyuzi 25 hadi 27 ni nzuri. Hita hapa kwetu ni kwa usiku wa mwezi wa sita na wa saba tu, tena si kila mwaka.

Waya zote zifanye kitanzi kinachoning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye soketi yenyewe, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni na si ndani ya umeme.

Taa usiwashe siku hiyo.

Niwazoeshe samaki maji mapya kwa saa nyingi kwa njia ya dripu?

Dripu ni kuwadondoshea maji mapya tone tone. Kwa safari fupi wazoeshe, ila si kwa saa nyingi: acha mfuko uelee tangini dakika kumi na tano joto lilingane, kisha ongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe kwa nusu saa hivi.

Kwa waliokaa mfukoni saa nyingi, usiwacheleweshe. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki ametoa amonia, lakini pia ametoa kaboni dioksaidi, na hiyo imeshusha pH, kipimo cha uasidi wa maji. pH ikiwa chini, sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyo na madhara makubwa. Ukifungua mfuko, kaboni dioksaidi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka kali akiwa bado ndani. Ukimwacha humo saa mbili ukidondosha tone tone, unamchoma polepole. Linganisha joto, hakikisha chumvi ya tangi na ya mfukoni hazipishani sana, mtoe, maji ya mfuko yamwage.

Siku za kwanza nifanye nini?

Pima amonia na naitraiti kila siku kwa wiki mbili. Vyote viwe sifuri. Amonia ikionekana, badilisha maji robo ya tangi, acha kulisha, ongeza mapovu. Kwenye maji ya bahari pH huwa juu, karibu 8.2, ndiyo maana amonia kidogo tu inaumiza kuliko kwenye tangi la maji yasiyo na chumvi.

Lisha kidogo kuanzia siku ya pili. Usiongeze samaki mpya kwa mwezi mzima. Angalia madoa meupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi, ni ugonjwa wa vimelea unaopenda samaki waliochoka na safari. Dawa yenye shaba huutibu, lakini huua matumbawe, kamba na konokono, kwa hiyo mgonjwa atibiwe kwenye tangi la pembeni.

Nahamia Masasi au Newala. Je?

Ukiondoka pwani unaacha maji yako nyuma. Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, ambako hata maji ya kunywa yamekuwa shida ya miaka mingi. Utahitaji chumvi maalumu ya matangi kutoka Dar es Salaam, chumvi ya jikoni haifai, au kuteremka baharini na madumu kila mwezi. Kwa kusema ukweli wangu, ningebakisha tangi dogo lenye samaki wawili, wengine niwape mfugaji wa pwani.

Na Dar es Salaam?

Kutoka Mtwara ni kilomita 550 na zaidi. Safiri usiku, kwa gari binafsi, mifuko ikiwa imejazwa oksijeni badala ya hewa ya kawaida kama unaweza kuipata, na mawe yamezama majini na pampu za betri. Usihame msimu wa mvua kubwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara hiyo ilikatika eneo la Somanga na magari yakalala njiani siku kadhaa.

Siwezi kuhama nao. Niwarudishe baharini?

Tafadhali usifanye hivyo, hata kama uliwapata hapahapa. Waliokaa tangini wanaweza kuwa na vimelea na magonjwa waliyoyapata kwa wenzao wa mbali, kwa sababu baadhi ya samaki wanaouzwa madukani huenda walisafirishwa kutoka nchi nyingine. Kiumbe kigeni akizoea maji yetu hutamtoa tena. Mpe mfugaji mwingine. Ukitangaza mapema, mtu atapatikana.

Mawe machache yamevunjika. Naweza kuokota mengine Msimbati?

Hapana. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi. Inalindwa na sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, na huruhusiwi kujichukulia matumbawe humo. Nje ya hifadhi pia, kabla ya kutoa kiumbe chochote cha mapambo baharini, nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya uulize kibali. Miamba yetu imepigwa baruti miaka mingi, halafu ikapata joto la 1998. Ukiweza, nunua mawe kwa mfugaji anayepunguza.

Vipande vilivyovunjika usivitupe. Viweke ndani ya chujio, bakteria wako bado wamo.

Tangi limevuja kwenye pembe baada ya kufika. Nizibe na nini?

Silikoni safi isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, ile inayonuka siki ikikauka. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo na itaua samaki. Kwangua ya zamani yote, futa kwa spiriti, paka, iache siku mbili au tatu mpaka harufu iishe kabisa. Jaribu kwa maji ya bomba usiku kucha kabla ya kurudisha maji ya bahari. Muda huo wote samaki na mawe watakaa kwenye ndoo na beseni kubwa zenye pampu za hewa, ukiwabadilishia maji nusu kila siku kwa maji uliyochota na kuyapima. Ndiyo maana mimi huchota madumu manne ya ziada kila ninapohama, hata kama kioo ni kizima.